Dhahabu Ilikwisha, Risasi Ikabaki

Mwaka 1922, mjini San Francisco, hakuna gazeti la maana lililokuwa likipanga herufi kwa mkono. Mashine ya Linotype ilikuwa imeingia kazini Marekani tangu 1886. Fundi anakaa mbele yake, anabonyeza vitufe, na mashine inamwaga mstari mzima wa risasi ukiwa bado wa moto. Mwaka huohuo, katika mji huohuo, mpiga chapa mmoja aitwaye Thomas C. Russell alikuwa nyumbani kwake anapanga kitabu kizima kwa vidole. Herufi moja, halafu nyingine, halafu nafasi, halafu nyingine.

Kitabu kinaitwa The Shirley Letters from California Mines in 1851-52. Ukurasa wa kwanza unasema wazi kwamba kimechapwa na Russell mwenyewe katika kiwanda chake binafsi, na ametaja mpaka namba ya nyumba na mtaa, kama fundi cherehani anayetaka umrudie koti likikubana. Nakala zilikuwa mia chache tu. Mimi nimekisoma kwenye simu, picha za kurasa zilizowekwa mtandaoni, na naona aibu kidogo kulisema hilo, maana ni sawa na kula pilau kwa kuangalia picha yake. Lakini hata kwenye kioo kilichopasuka kona unaona kwamba kila mstari umekalishwa na mtu, na kwamba mtu huyo hakuwa na haraka.

Swali lililonishika ni hili: kwa nini? Barua hizo zilikuwa zimeshachapwa zamani. Zinahusu kambi ya machimbo iliyodumu misimu michache, na dhahabu iliyokwisha. Nani anatumia macho na mgongo wake kwa kitu kama hicho?

Tuanze na mwandishi wa barua.

Jina lake ni Louise Amelia Knapp Smith Clappe. Alizaliwa 1819 huko New Jersey, akakulia Amherst, Massachusetts, binti aliyesoma kuliko wasichana wengi wa wakati wake. Akaolewa na daktari kijana, Fayette Clapp, na mwaka 1849 wakapanda meli kwenda California. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye kinu cha mbao cha John Sutter pale Coloma, Januari 24, 1848, na dunia nzima ilikuwa njiani. Watu wapatao 300,000 walifika katika miaka michache. Wachimbaji wetu wa Kanda ya Ziwa wana neno la jambo hili: rashi. Ukisema "kuna rashi mahali fulani," hakuna anayeuliza maana yake. Anayeuliza, anauliza nauli.

Septemba 1851 Louise alimfuata mumewe milimani, kwenye kambi iitwayo Rich Bar, kando ya Mto Feather. Neno bar hapo si baa ya bia, ingawa hizo nazo zilikuwepo, tena za kutosha. Ni ukingo wa mchanga na kokoto ambao mto huuacha kwenye kona zake, na kwenye kokoto hizo ndiko dhahabu ilikolala. Alisafiri juu ya nyumbu, akaanguka, wakapotea njia, wakalala chini usiku. Alipofika alianza kumwandikia barua dada yake, Molly, aliyebaki Massachusetts. Aliandika barua 23, ya kwanza ikiwa na tarehe ya Septemba 13, 1851, ya mwisho Novemba 21, 1852. Alizitia saini kwa jina la Dame Shirley.

Ukizisoma leo unaelewa kwa nini watu hawajaziacha. Wachimbaji wengi waliandika kumbukumbu, lakini kumbukumbu zao nyingi ni hesabu: wakia ngapi, siku ngapi, nani amekufa. Shirley anakuingiza ndani ya nyumba. Anakuonyesha Empire, hoteli pekee ya ghorofa pale Rich Bar, iliyojengwa na wacheza kamari kwa gharama ya dola 8,000, kuta za mbao mbaya na paa la turubai. Anakuonyesha kibanda chake cha magogo pale Indian Bar, kambi ya jirani, ambako sanduku la mishumaa liligeuzwa kabati la vitabu, na humo Shakespeare na Coleridge wakakaa pamoja na Biblia. Anasimulia majira ya baridi ambapo misafara ya nyumbu ilishindwa kupita, kambi nzima ikabaki na unga, nyama ya nguruwe iliyoanza kuchacha na samaki wa chumvi. Anasimulia Krismasi ya 1851, ulevi uliochukua wiki kadhaa mpaka wanaume wazima wakawa wanabweka kama mbwa.

Siku moja akaingia mwenyewe mtoni na karai. Akatoka na dhahabu ya dola 3.25, nguo imechanika, miguu imelowa, kichwa kinamuuma. Akaifunga ile dhahabu ndani ya barua na kumtumia dada yake, akaapa kwamba biashara hiyo hairudii tena.

Kiangazi cha 1852 wanaume wa kule waliamua kuupata utajiri kwa nguvu. Wakaunda makampuni, wakapasua mbao, wakajenga mifereji ya kuuhamisha mto wote ili wachimbe kitanda chake kikiwa kikavu. Kazi ya miezi. Kampuni mojawapo, walipomaliza kuchimba na kupiga hesabu, ilikuwa imetoa dola 41 na senti 70. Basi. Wenye maduka walikuwa wamewakopesha wachimbaji, daktari alikuwa amewatibu kwa mkopo, wote wakafilisika pamoja. Novemba Shirley aliondoka, na kwa mshangao wake mwenyewe aliondoka na majonzi. Kambi ilibaki tupu.

Hapo tuache kidogo barua, tuzungumzie mashine, maana hii ni historia ya vitu viwili, machimbo na chapa, na California ilivizaa karibu pamoja.

Mtambo wa kwanza wa maana wa chapa California ulifika Monterey mwaka 1834, nchi ikiwa bado ni ya Mexico, na aliyeutumia ni Agustín Zamorano. Ulikuwa mtambo wa mbao wa aina ya Ramage, unaokazwa kwa mkono. Mwaka 1846 Wamarekani walipoiteka Monterey, Walter Colton na Robert Semple waliukuta, wakaufuta vumbi na kuanzisha gazeti, The Californian, toleo la kwanza Agosti 15. Shida ikaja mapema. Herufi zilikuwa za Kihispania, na Kihispania hakina kazi na herufi W. Kiingereza kinaitumia kila baada ya maneno mawili. Wakafanya wanavyofanya mafundi wote wa porini: wakaweka V mbili ubavu kwa ubavu. Karatasi nayo ilikuwa ile ya kufungia tumbaku.

Gazeti hilo, likiwa limehamia San Francisco, ndilo lililochapa kwa mara ya kwanza habari kwamba dhahabu imepatikana, Machi 15, 1848. Habari fupi tu. Mei 29 likafunga. Wasomaji walikuwa wameondoka, watangazaji walikuwa wameondoka, hata wapanga herufi walikuwa wameondoka, wote wamekwenda kuchimba. Mpinzani wake, California Star, akafunga milango Juni 14. Yaani gazeti lilitoa habari, na habari ikaliua gazeti. Mimi nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari zaidi ya miaka kumi, nimeona magazeti yakifa kwa deni, kwa serikali na kwa intaneti. Sijawahi kuona lililouawa na habari yake lenyewe.

Ule mtambo wa Zamorano haukupumzika. Historia za magazeti ya California zinasimulia kwamba uliifuata dhahabu kama mchimbaji mwingine yeyote: Sacramento mwaka 1849, kisha Stockton, kisha Sonora, mji uliopewa jina hilo kwa sababu wachimbaji wake wa kwanza walitoka jimbo la Sonora, Mexico. Mwisho ukafika kambi ya Columbia mwaka 1851. Huko, baada ya ugomvi juu ya malipo yake, watu wasiojulikana waliuburuta usiku mpaka barabarani wakauchoma moto. Asubuhi palikuwa na majivu na vipande vya chuma. Hivyo ndivyo ulivyokwisha mtambo wa kwanza wa nchi, ndani ya miaka 17.

Ninasimulia haya ili uone jinsi chapa ya machimboni ilivyokuwa: ya haraka, ya kuazima herufi, ya kuchapa leo na kuchomwa kesho. Barua za Shirley zenyewe zilitoka hivyohivyo mara ya kwanza. Ferdinand Ewer alianzisha jarida San Francisco, The Pioneer, na akazitoa moja baada ya nyingine kuanzia Januari 1854 hadi Desemba 1855. Kisha jarida likafa. Barua zikabaki ndani ya matoleo ya jarida lililokufa, na unajua mwisho wa magazeti ya zamani: kufungia maandazi.

Hata hivyo hazikupotea kabisa. Bret Harte, aliyekuja kuvuma kwa hadithi zake za kambi za dhahabu, anasadikiwa na wahakiki wengi kuwa alichota humo. Josiah Royce, mwanafalsafa aliyezaliwa Grass Valley, mji wa machimbo, alizitegemea sana alipoandika historia ya California mwaka 1886, hasa sura za watu kujichukulia sheria mkononi. Shirley mwenyewe alikuwa ameachana na daktari wake, talaka ikatoka 1857, akafundisha shule San Francisco mpaka 1878, kisha akarudi mashariki. Alifariki New Jersey mwaka 1906. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, tetemeko na moto viliiteketeza sehemu kubwa ya San Francisco, pamoja na karatasi nyingi za miaka ya dhahabu.

Kwa hiyo Russell aliposimama mbele ya kasha lake la herufi mwaka 1922, hakuwa anachapa kitu kilichojaa madukani. Alikuwa anaokoa.

Kwa ambaye hajawahi kuona kazi hii, inakwenda hivi. Mpanga herufi anasimama. Mbele yake kuna kasha lenye vyumba vidogovidogo, kila herufi na chumba chake, zinazotumika sana zikiwa karibu na mkono. Mkono wa kushoto umeshika kibati chenye ukingo, wa kulia unaokota. Kila herufi ni kijiti cha madini chenye sura yake kichwani, na sura hiyo imegeuzwa kama kwenye kioo, hivyo fundi anasoma maneno yakiwa miguu juu. Mstari ukijaa anaubana kwa vipande vya nafasi mpaka usitikisike. Mistari ikitosha ukurasa, anaifunga kwa uzi, anaikaza ndani ya fremu ya chuma, anapaka wino, anaweka karatasi, anakandamiza. Anasoma nakala ya kwanza, anaona kosa, anafungua, anachomoa herufi moja kwa ncha ya koleo, anarudishia. Na ukurasa ukishachapwa, kazi haijaisha: herufi zote zinarudishwa kwenye vyumba vyake, moja moja, ili ukurasa unaofuata uanze. Kitabu cha Russell kina kurasa zaidi ya 300. Hesabu mwenyewe herufi, halafu zidisha kwa mbili.

Na herufi hizo zimetengenezwa na nini? Risasi, bati na antimoni. Yaani nazo zimechimbwa. Kuna mtu mahali fulani aliingia ardhini akatoa risasi ile ili neno lisimame juu ya karatasi. Kiswahili hapa kinatuwekea jambo mezani ambalo lugha nyingine zinaweza kulikwepa: madini ya herufi na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, sisi tunayaita kwa jina moja. Risasi. Na California ya miaka ile ilizitumia zote mbili.

Shirley anasimulia hukumu ya Mswidi mmoja aliyeiba dhahabu, akasikilizwa na baraza la wachimbaji na kunyongwa siku hiyohiyo, kwa uzembe mkubwa. Anasimulia kiangazi cha 1852, Wamarekani walipowageukia wachimbaji waliowaita Wahispania, ambao wengi walikuwa watu wa Mexico na Chile. Tayari serikali ya jimbo ilikuwa imeshawahi kuwatoza wachimbaji wa kigeni kodi ya dola 20 kwa mwezi, mwaka 1850, na wengi walifukuzwa nayo kuliko na bunduki. Pale Indian Bar ugomvi wa visu ukazaa damu, damu ikazaa kamati ya ulinzi, kamati ikahukumu watu wawili wachapwe viboko. Mmoja, kijana mwenye adabu, aliomba auawe kuliko kuaibishwa hivyo. Walimchapa. Shirley alikuwa ndani ya kibanda chake, amejifunika shali asisikie.

Mpishi wa hoteli ya Indian Bar alikuwa mtu mweusi, fundi wa jikoni na mpiga fidla, na bila yeye Krismasi ile isingekuwa na chakula wala muziki. Tunamjua kwa jina la utani tu, Ned, na la pili waliloongezea kwa kumtania kwa sababu ya fidla yake, Paganini. Jina la babake halimo.

Halafu kuna wenye nchi. Mto Feather na milima yake ni ardhi ya Wamaidu. Shirley anawaona wanawake wao wakipita na vikapu vikubwa mgongoni, wakipukuta mbegu za nyasi kwa mpigo wa mkono, na anaueleza mpigo huo vizuri kabisa. Kisha anawasema kwa dharau ambayo leo inauma kusoma. Alikuwa mwanamke mwerevu, na alikuwa mtu wa tabaka lake. Hakuna jina hata moja la wale wanawake. Wakati anaandika, gavana wa kwanza wa jimbo, Peter Burnett, alikuwa ameshaliambia bunge, Januari 1851, kwamba vita vya kuwaangamiza wenyeji vitaendelea mpaka waishe. Jimbo lililipia misafara ya wanamgambo, zaidi ya dola milioni 1 kwa jumla. Wenyeji wa California walikuwa takriban 150,000 wakati dhahabu inaonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 walibaki kama 30,000, kwa maradhi, njaa, utumwa na mauaji. Mwaka 2019 gavana Gavin Newsom aliomba radhi kwa niaba ya jimbo, na akayaita kwa jina lake, mauaji ya kimbari.

Bret Harte huyohuyo niliyemtaja aliijua risasi ya pili kwa karibu. Mwaka 1860 alikuwa kijana anayejifunza kupanga herufi katika gazeti dogo la kaskazini, The Northern Californian. Usiku wa kuamkia Februari 26, wazungu walivuka kwenda kisiwa cha Tuluwat wakawaua Wawiyot, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamemaliza sherehe zao. Mhariri alikuwa safarini. Harte ndiye aliyebaki na kasha la herufi, na akachapa kwamba huo ni uchinjaji. Haukupita muda mrefu akalazimika kuuhama mji.

Kwa hiyo narudi kwenye swali langu, na sasa ni gumu zaidi. Kitabu kizuri kilichotengenezwa kwa mkono, karatasi nzuri, michoro ya machimbo, nakala chache za watu wachache: je, si ndiyo njia ya kuipaka historia poda? Miaka ile San Francisco ilikuwa na tabaka la wapenzi wa vitabu. Klabu yao, Book Club of California, ilikuwa imeanzishwa 1912. Watu wenye fedha walizipenda sana hadithi za babu zao wachimbaji, ndevu, karai na nyumbu. Mwaka 1933 kiwanda kingine cha mkono, Grabhorn Press, nacho kilizichapa upya barua za Shirley, kwa ufundi mkubwa zaidi. Ukiweka kitabu namna hiyo ndani ya kabati la kioo, ni rahisi mno kusahau kijana aliyechapwa viboko. Uzuri una tabia ya kuomba msamaha kwa niaba ya watu ambao hawakuuomba wenyewe.

Hoja hiyo naikubali nusu. Nusu nyingine naikataa, kwa sababu ya kazi yenyewe. Msomaji anaweza kuruka ukurasa. Mtu wa Linotype anaweza kupanga aya nzima mawazo yake yakiwa kwenye chakula cha jioni. Mpanga herufi kwa mkono hawezi kuruka. Neno "viboko" alilazimika kuliokota herufi kwa herufi, kulisoma likiwa miguu juu, kulikagua, na kisha kulirudisha kasha vipandevipande. Jina la Ned alilishika mkononi. Zile sentensi za dharau juu ya wanawake wa Kimaidu, nazo alizishika. Hakuzifuta. Russell aliongeza muhtasari wa kila barua na maelezo mafupi ya uchapaji, kazi ya mtu anayeamini kwamba maandishi ya mwenziwe ni amana. Simjui moyo wake, na kazi haimfanyi mtu kuwa mwema. Lakini inamlazimisha kupita kila mahali, na kutuachia sisi kila kitu, pamoja na aibu.

Nilisema hili linanigusa. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kwenye machimbo ya Kanda ya Ziwa, duara lilikuwa limetitia. Mhariri alitaka aya nane kabla ya saa kumi. Nilipata idadi, nilipata kauli ya mkubwa mmoja, nilipata bei ya gramu. Kibandani pale juu palikuwa na mamantilie aliyenipa chai ya tangawizi na akakataa hela. Alikuwa anawalisha wote waliokuwa mle shimoni, anajua nani anakunywa chai bila sukari na nani anadaiwa. Alinitajia majina matatu huku anakoroga. Sikuyaandika, maana hayakuingia kwenye aya nane. Gazeti lilitoka kesho yake, na keshokutwa likawa la kufungia samaki. Jina lake mwenyewe sikumuuliza.

Nilipokuwa namsoma Shirley usiku kwenye simu, huyo mama ndiye aliyekuwa ananijia. Barua zilibaki kwa sababu mwanamke mmoja hakuwa na haraka alipokuwa akimwandikia dada yake, na kwa sababu miaka 70 baadaye mwanamume mmoja hakuwa na haraka alipokuwa akizipanga. Kati yao wamepita watu wenye haraka tupu: wachimbaji, wanamgambo, wahariri, na mimi ningekuwa mmoja wao.

Indian Bar leo ni kona ya mto tu. Zile dola 3.25 za Shirley ziliwekwa ndani ya karatasi na kupelekwa Massachusetts, hakuna anayejua ziliishia wapi. Karatasi ndiyo tunayo. Nimefungua daftari langu la zamani la safari ile ya machimbo, nimepata kurasa mbili za namba na mchoro wa duara. Majina matatu hayamo. Kuna nauli ya basi la kwenda kule, nimeiandika pembeni. Nitaanzia hapo.